Kumzoesha mbwa mdogo kujisaidia nje, mjini Moshi na migombani

Mbwa wa ulinzi hasumbui mtu kwa habari ya choo. Analala bandani, usiku anafunguliwa, asubuhi mwenye nyumba anazunguka ua na koleo, basi. Shida imekuja na vijibwa vya manyoya vinavyolala sebuleni, ambavyo siku hizi utavikuta Shanty Town, Rau na hata juu Machame na Marangu. Hawa wanaishi ndani, na anayeishi ndani asipofundishwa atajisaidia ndani: nyuma ya kochi, pembeni ya zulia, chini ya kitanda cha watoto.

Wengi huvumilia kwa sababu mkojo wenyewe ni kidogo na unafutika kwa tambara moja. Uvumilivu huo ndio unaomharibu mbwa. Mbwa mkubwa akikojoa ndani, nyumba nzima inasimama kumshughulikia. Mdogo akikojoa, mtu anafuta na kurudi jikoni, na mbwa anabaki akijua kwamba hapo ndipo mahali pake. Mbwa wa kilo tatu anafundishika sawa na wa kilo thelathini. Anachohitaji ni mtu wa kumtoa nje kabla hajabanwa, na kazi yote ya mafunzo haya imo katika neno hilo "kabla".

Kuna hesabu rahisi ya kuanzia. Chukua umri wa mtoto wa mbwa kwa miezi, ongeza moja: hizo ndizo saa anazoweza kujizuia mchana, na hapo ndipo ukomo wake. Wa miezi miwili basi ni saa tatu kwa taabu, na wa aina ndogo punguza, kwa kuwa kibofu chake ni kidogo. Usisubiri ukomo huo. Akiwa macho, mtoe kila baada ya saa moja hivi. Mtoe pia mara tu anapoamka, hata kama amesinzia kidogo tu. Baada ya kucheza kwa nguvu. Na baada ya kula, kati ya dakika tano na nusu saa. Hilo la chakula lina sababu yake mwilini: tumbo likipokea chakula, utumbo mpana nao huanza kusukuma kilichomo.

Kwa hiyo anayetaka haja itoke kwa saa zinazojulikana lazima chakula kiingie kwa saa zinazojulikana. Mtoto wa mbwa alishwe mara tatu, tuseme saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, na bakuli liondolewe baada ya robo saa. Bakuli la ugali na dagaa likikaa sakafuni kutwa, akawa anadonoa kila anapopita, hutajua lini atabanwa. Maji asinyimwe. Maziwa ya ng'ombe yapungue au yaachwe kabisa, ingawa kwetu ndiyo ya kwanza kumiminiwa mtoto wa mbwa. Watoto wengi wa mbwa wakishaachishwa kunyonya hayawakubali, yanawaharisha, na mbwa anayeharisha hawezi kujizuia hata angefundishwa na nani. Safari ya mwisho nje iwe saa nne usiku mnapokwenda kulala. Kwa wiki za mwanzo atahitaji nyingine saa nane usiku, na hiyo itakufa yenyewe anavyokua.

Sasa namna ya kumtoa. Mfunge kamba shingoni, mpitishe mlango uleule, mpeleke palepale. Simama. Usicheze naye, usiongee na simu. Mwache anuse azunguke, na anapoanza tu mwambie neno moja ambalo nyumba nzima mmekubaliana, "kojoa" au lolote lile. Akimaliza, msifu na umpe kipande cha dagaa au cha ini hapohapo aliposimama. Watu wengi wanakosea hapa: wanampa zawadi baada ya kurudi ndani. Kwake hiyo ni zawadi ya kuingia ndani, na kesho atatoka mbio, atageuka mlangoni na kuja kukukojolea jikoni. Zawadi ifuate tendo kwa sekunde mbili tatu, kwa hiyo dagaa wawe mfukoni mwako kabla hujatoka.

Asipofanya kitu kwa dakika tano, mrudishe, lakini usimwachie huru. Funga kamba yake kwenye mguu wa kigoda ulichokalia ukimenya ndizi, umtazame. Akianza kunusa sakafu kwa pua iliyogota chini, akizunguka mahali pamoja, akiacha mchezo ghafla na kuelekea pembeni, mnyanyue mtoke. Mkishindwa tena, rudini ndani, mjaribu baada ya robo saa.

Usiku, na pale usipoweza kumtazama, awe na mahali pake padogo pa kulala. Boksi gumu linafaa, na tenga lililotandikwa kitenge chakavu linafaa zaidi. Ukubwa wake uwe wa kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Mbwa kwa silika yake hapendi kuchafua anapolala, ila akipewa nafasi kubwa atalala upande huu na kujisaidia upande ule. Tenga lisiwe gereza la adhabu, na asiachwe humo kutwa.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: mtoto wa mbwa hujichagulia aina ya sakafu ya kujisaidia akiwa na wiki nane au tisa hivi. Aliyelelewa kwenye saruji ya banda la mfugaji atatafuta saruji, na nyasi ndefu zinazomfika tumboni, zenye umande, zitamshangaza. Huyo usimlazimishe. Mwanzishie nje kwenye kipande cha saruji, kando ya karo kwa mfano, kisha umsogeze kidogo kidogo hadi kwenye udongo. Gazeti lenye harufu ya mkojo wake likiwekwa mahali papya humwelekeza haraka.

Mahali penyewe

Mjini, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na wapangaji wengi, zungumza na wenzako kabla ya kuchagua. Chagua kona iliyo mbali na kamba za kuanikia nguo, bomba la maji na watoto wanapochezea. Kama kuna majirani Waislamu, kumbuka kwamba wengi wao huhesabu mate na mkojo wa mbwa kuwa najisi inayodai kuoshwa kwa utaratibu maalumu. Njia wanayopita wakishatawadha isiwe njia ya mbwa wako, na kamba isimtoke shingoni uani. Kwa jirani hiyo ni heshima, na kwako ni amani ya kuishi pale.

Barabarani, okota. Moshi ina sifa ya usafi nchi nzima, na kinyesi cha mbwa wa kufugwa mbele ya duka la mtu ni aibu ya mwenye mbwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini gazeti la jana au karatasi ya mkate hufanya kazi hiyo vizuri.

Migombani mambo ni tofauti, na ni mengi zaidi. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, si pori. Humo wamelala wazee wa ukoo, na makaburi yao hayafai kufanywa choo cha mbwa; vivyo hivyo masale ya mpakani, ambayo kwa Wachagga si ua tu. Mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita shambani unakwenda kwa watu wa chini yenu, kwa hiyo mbwa akae mbali na kingo zake. Akae mbali pia na bustani ya mchicha na vichanja vya kuanikia kahawa. Na kinyesi chake kisichanganywe na samadi ya ng'ombe inayokwenda kwenye mboga. Kitumbukizwe kwenye choo cha shimo au kifukiwe kwenye shimo lake, mbali na maji, na majivu juu.

Ukishapata kona, itazame vizuri wakati wa mvua. Siafu hupita migombani kwa misafara, na mtoto wa mbwa aliyeumwa miguu na siafu mahali pake pa choo hatarudi pale kwa hiari, hata ukimbembeleza. Mulika chini kwa tochi kabla ya kumweka usiku. Ukikuta wamepita hapo, hamisha kona kwa siku chache.

Halafu kuna mvua na baridi yenyewe. Masika ya Machi hadi Mei mlimani hayana mzaha, na Juni na Julai baridi ya Marangu humfanya hata mtu mzima asite mlangoni. Kijibwa cha manyoya kinacholowa hadi tumboni kitageuka kizingitini na kujikaza, kisha kitamaliza haja ndani ukikipa kisogo. Mwandalie mahali pakavu: chini ya upenu wa bati, au kibanda cha miti minne na turubai, chini mwaga mchanga au tandaza majani makavu ya mgomba yanayobadilishwa. Toka naye, usimsukume nje peke yake na kufunga mlango. Akirudi, mfute miguu na tumbo kwa tambara kavu. Akizoea kwamba baada ya mvua kuna kufutwa na joto, hatagoma.

Akikosea

Atakosea. Ukimkuta katikati ya tendo, piga kofi moja la mikono ili ashtuke na kukatisha, mbebe nje amalizie huko, kisha umsifu. Ukikuta limeshatokea, huna la kumfundisha. Kumsugua pua kwenye mkojo au kumchapa fimbo kwa jambo la nusu saa iliyopita hakumwambii chochote ila kwamba wewe ni wa kuogopwa, na anayekuogopa hatakojoa mbele yako hata nje: atajificha na kukojoa nyuma ya kabati. Ukatili kwa mnyama ni kosa pia chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kuna watoto wa mbwa wanaovuja mkojo mtu akiwainamia kuwasalimu. Huo ni unyenyekevu, si utundu, na ukaripiaji huuzidisha. Chuchumaa ubavuni mwake, msalimu kwa sauti ya chini.

Kusafisha ni nusu ya mafunzo, maana pua yake inasoma ambacho yako haisikii. Kausha kwanza, osha kwa maji na sabuni ya unga, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, uache pakauke. Dawa za usafi zenye amonia achana nazo, kwa kuwa mkojo nao unanuka hivyo, na mbwa atadhani umempigia alama. Jik usiimwage juu ya mkojo mbichi. Mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma macho na kifua.

Na sasa naomba mwenye nyumba anisikilize vizuri. Katika nyumba nyingi za mjini, anayeshinda na mbwa ni dada wa kazi, na baba na mama wanarudi jioni kuuliza kwa nini sebule inanuka. Kama ndiye mwalimu, apewe hadhi ya mwalimu. Mweleze saa za chakula, neno la kutumia, kona ilipo, mwachie dagaa wa zawadi, na umpunguzie kazi nyingine saa hizo. Kumtaka apike, afue, alee mtoto na kumtoa mbwa kila saa bila kupunguziwa lolote ni kumwonea, na mbwa hatajifunza. Watoto nao wasitumie maneno yao tofauti.

Desemba familia zinapopanda nyumbani kwa Krismasi, mbwa aliyezoea vizuri nyumba ya Dar es Salaam huchafua sebule ya bibi usiku wa kwanza, na bibi husema, "Huyu mbwa wenu hana adabu, wajukuu zangu." Adabu anayo, ila aliyojifunza ni ya nyumba ile; mlango huu haujui. Mkifika tu, kabla ya kushusha mizigo, mtoeni kwa kamba hadi kwenye kona mliyoelekezwa na bibi. Siku mbili tatu za mwanzo rudini kwenye ratiba ya mtoto wa mbwa, kila saa, na dagaa mkononi. Njiani, mnaposimama Korogwe au Same, asishuke bila kamba.

Kumtoa nje kunadai kinga. Kabla hajakamilisha chanjo za utotoni, zinazoanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa hadi wiki ya kumi na sita, ajisaidie ndani ya ua wenu tu, kwa kuwa virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akiwa na miezi mitatu. Ofisa mifugo wa kata atakuelekeza. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili, kisha kila wiki mbili hadi miezi mitatu. Mayai ya minyoo mviringo ya mbwa huhitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtoto anayechezea hapo, kwa hiyo anayeokota kinyesi kila siku analinda watoto wake.

Mbwa aliyekuwa msafi akianza ghafla kukojoa ndani mara kwa mara, au kujikamua bila kutoa kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumlaumu. Dume la miezi sita na kuendelea likianza kuinua mguu kwenye makochi, hiyo ni alama ya balehe, na kuhasi hupunguza sana.

Wengi hutulia wakifika miezi sita; wadogo kabisa huchelewa kidogo. Usimfungulie nyumba yote siku moja. Akikaa wiki kadhaa bila kosa katika chumba kimoja, mfungulie cha pili, kisha cha tatu, na sebule yenye zulia iwe ya mwisho.