Friji Ikiwaka, Kioo cha Kompyuta Kinazima: Maswali na Majibu

Malalamiko haya husikika nyumba nyingi. Friji ikijiwasha, kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi kwa sekunde moja au mbili, kisha picha inarudi. Kwingine ni feni ikizimwa, au jirani akianza kuchomelea vyuma. Wengi hukimbilia kununua kioo kipya, nacho kikifungwa kinafanya vilevile. Kabla hujatoa fedha, chunguza haya.

Kwa nini friji isumbue kompyuta, na kila moja ina soketi yake?

Soketi za vyumba tofauti mara nyingi hulishwa na waya mmoja. Mota ya friji inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko ikishachanganya, na kwa muda huo mfupi volti hushuka. Zaidi ya hapo kuna cheche. Swichi ya ndani inapogusana au kuachana, cheche ndogo huruka na kutoa mawimbi yanayopita kwenye nyaya na hewani. Kebo ya HDMI isiyo na kinga nzuri huyadaka kama antena. Mawasiliano kati ya kompyuta na kioo yanakatika, na picha hairudi mpaka yaunganishwe upya.

Nitajuaje tatizo ni volti au ni kebo?

Tazama ile taa ndogo iliyo kwenye fremu ya kioo. Ikizimika, na kioo kikirudi kwa kuonyesha kwanza nembo ya kiwanda, basi umeme wenyewe ulikatika. Ikibaki inawaka huku picha tu ndiyo imepotea, shuku kebo. Jaribio hili halina gharama, na ningependa kila mtu alifanye kabla ya kumwita fundi.

Soma pia kibandiko cha nyuma ya kioo au cha adapta yake. Vioo vingi vya sasa hufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240. Umeme wa Tanzania ni volti 230, kwa hiyo mshuko mdogo hautoshi kukizima. Kama kinazimika kabisa, kagua plagi iliyolegea, soketi iliyochoka, au ekstensheni yenye vyuma visivyobana. Ukiona soketi imebadilika rangi au ina joto, acha kuitumia siku hiyohiyo. Hapo habari si ya picha tena, ni ya moto.

Kama ni kebo, nifanye nini?

Tafuta kebo fupi zaidi na yenye kinga bora. Usiifunge pamoja na nyaya za umeme wala kuizungushia adapta. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa kukatizana, zisilale sambamba. Kipande cha feraiti, kile kidude kinene kinachobanwa kwenye kebo karibu na ncha, hupunguza mawimbi hayo. Friji nayo iwe na soketi yake ya ukutani, isichangie ekstensheni na kompyuta. Hata kiti cha ofisini chenye bomba la gesi kinaweza kuzima picha mtu anaponyanyuka, kwa umeme tuli, na dawa yake ni hiyohiyo: kebo bora.

Stebilaiza itasaidia?

Kwa volti inayopanda na kushuka, ndiyo. Kwa mawimbi yanayoingia kupitia kebo ya picha, fedha zako zitakuwa zimepotea.

Mistari inayopanda au kushuka polepole kwenye kioo inatoka wapi?

Huonekana zaidi kwenye kebo za zamani za VGA. Chomoa chaja ya laptopu, iache itumie betri. Mistari ikitoweka, chanzo ni chaja au njia ya ethi, yaani waya wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Chomeka laptopu na kioo kwenye ekstensheni moja nzuri, au badili chaja. Usikate ethi ili mistari iondoke.

Nikigusa bodi ya chuma ya kompyuta nasikia umeme. Ni kawaida?

Imezoeleka, lakini isivumiliwe. Vifaa vingi vya kompyuta vina vichujio vinavyovujisha umeme kidogo kwenda kwenye bodi, na ethi ikikosekana unausikia mkononi. Tatizo ni kwamba mkono hauwezi kutofautisha mvujo huo na waya uliochubuka unaoweza kuua. Mtu anayesukuma peni kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie hupata umeme usio na ethi wala mbano wa kutosha, na mara nyingi mtoto ndiye anayefika hapo baada yake.

Chomoa kifaa hicho. Mwite fundi mwenye leseni, ambayo hutolewa na mamlaka ya udhibiti: EWURA kwa Tanzania Bara, EPRA kwa Kenya. Mwambie aipime ethi kwa kifaa, kuanzia soketi mpaka fimbo iliyozikwa nje. Waya kuonekana umefungwa hakuthibitishi kwamba umefika ardhini.