“Wa” ya Ngũgĩ

Weep Not, Child (1964) ilitoka kwa jina la James Ngugi. Petals of Blood (1977), kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika Decolonising the Mind (1986), mwandishi huyu anasimulia jinsi wanafunzi walionaswa wakisema Kigĩkũyũ shuleni walivyochapwa au kuvishwa vibao vya chuma shingoni, vyenye maneno ya kuwadhalilisha. Lugha hiyohiyo ndiyo iliyosimulia hadithi za jioni penye moto nyumbani. Kuionea haya kulikuwa kuwaonea haya wazazi. “James” halimtaji mzazi yeyote. A-unganifu “wa”, ambayo wanasarufi huipitia haraka mno, inamtaja baba. Akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, Ngũgĩ aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kigĩkũyũ, juu ya karatasi za chooni.