Mfunza Simba na Kiti Chake
Tujifunze kidogo habari za Clyde Beatty wa Marekani (1903–1965), aliyewafunza simba na chui milia pamoja katika sarakasi. Mikononi alishika mjeledi na kiti cha kawaida. Kwa nini kiti? Simba hukaza macho mahali pamoja. Akielekezewa miguu minne kwa mara moja, hutatizika asijue aushambulie upi. (Sisi walimu tulipewa chaki tu!) Lakini simba aliyefunzwa bado ni simba. Mwaka 1932, mjini Peru, jimbo la Indiana, simba aitwaye Nero alimwangusha akamng'ata paja. Kidonda kikaingia sumu, akalazwa hospitali karibu ya kufa. Alipopona akarudi tunduni mwaka ule ule. Saratani ndiyo iliyomwua.