Twende Ziwa Lipi? Mwongozo wa Familia Kabla ya Matembezi

Familia za Goma zikipanga matembezi, huchagua ziwa kwa macho: maji yakionekana meupe, watoto huruhusiwa kuogelea na kunywa. Lakini kipindupindu, kichocho na gesi havionekani. Kila ziwa liulizieni mambo matatu: mdomo, ngozi na pumzi.

MDOMO: maji ya kunywa

Hapa maziwa yote ni sawa: hakuna hata moja la kunywa hivihivi. Julai 1994, wakimbizi waliotoka Rwanda walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kuyatibu. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu katika wiki chache. Hata leo kipindupindu hurudi Goma, na vilevile Uvira na Kalemie kando ya Ziwa Tanganyika.

- Bebeni maji ya kunywa kutoka nyumbani, katika bidoni safi yenye kifuniko.
- Yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika moja, au tieni klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa, kisha subirini dakika 30.
- Nawisheni watoto mikono kwa sabuni kabla ya kula.

NGOZI: kuoga na kuchezea maji

Kichocho hakihitaji kunywewa. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, hivyo klorini ya kwenye bidoni haimkingi anayeoga ziwani. Ziwa Tanganyika linajulikana kwa kichocho. Kwingine, ulizeni kituo cha afya cha hapohapo. Epukeni maji yaliyotulia penye majani na konokono. Ziwa Édouard, kule Vitshumbi, lina hatari nyingine: viboko. Kwenye Lac Vert, ziwa dogo la kasoko karibu na Mugunga, au popote penye utando wa kijani juu ya maji, msioge wala kuchota. Kuchemsha hakuondoi sumu ya mwani.

PUMZI: gesi

Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na gesi yake nyingi ya kaboni na ya methani imeyeyuka huko chini sana. Anayeoga ufukweni haifikii. Lakini katika ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, maji yenye gesi nyingi ya kaboni yako karibu zaidi na juu. Msipige mbizi huko.

Nchi kavu kuna mazuku, yaani mahali ambapo gesi ya kaboni hujikusanya. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hujaa mabondeni na kwenye mashimo ya mawe ya volkano, hasa alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza asidhurike, huku mtoto aliyeketi chini akipoteza fahamu.

- Tandikeni mkeka mahali palipoinuka.
- Mkiona ndege au wadudu wamekufa shimoni, ondokeni.
- Mtu akianguka humo, msimfuate ndani. Iteni wenyeji wanaopajua.

Mkirudi nyumbani

Mtu akiharisha maji kama ya mchele, mpelekeni kituo cha afya mara moja. Njiani mnywesheni kidogokidogo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Damu ikionekana kwenye choo wiki au miezi baadaye, mwambieni muuguzi mlioga ziwa gani. Kichocho kina dawa.