Jinsi ya Kuurudisha Uwanja Mkongwe wa Gofu Kwenye Ubunifu Wake

Uwanja wa gofu hupoteza sura yake polepole. Leo mashine inakwepa kona wakati wa kukata nyasi, kesho unapandwa mti, na baada ya miaka 50 aliyeubuni hawezi kuutambua. Ukitaka kuurudisha, fuata hatua hizi.

Kusanya ushahidi kwanza. Tafuta michoro, picha za zamani na hasa picha za angani. Wabunifu wa viwanja Bill Coore na Ben Crenshaw walipoufufua uwanja wa Pinehurst No. 2 huko North Carolina, Marekani, mwaka 2010 na 2011, waliongozwa na picha za angani za mwaka 1943.

Chagua mwaka. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1907, lakini mbunifu wake, Donald Ross, hakuacha kuurekebisha hadi alipofariki mwaka 1948. Hadi miaka ya 1930, hata sehemu zenye bendera zilikuwa za mchanga mtupu. Kamati isipokubaliana mapema ni sura ya mwaka gani inayotafutwa, mtabishana hadi mwisho.

Iulize ardhi. Huko Pinehurst, bomba kuukuu la maji lililopita katikati ya njia za kuchezea ndilo lililoonyesha njia hizo zilipita wapi. Kwenye sehemu ya bendera, toboa udongo kuanzia ukingoni kwenda nje. Ukikuta tabaka za mchanga uliokuwa ukimwagwa juu ya nyasi kila msimu, bado umo ndani ya eneo la zamani. Zinapokoma, hapo ndipo ulipokuwa mpaka.

Ondoa kabla ya kuongeza. Coore na Crenshaw waling'oa zaidi ya ekari 30 za nyasi, na mchanga pamoja na majani ya asili vikarudi. Vinyunyizio vya maji vilipunguzwa kutoka takriban 1,150 hadi 450. Miti iliyopandwa baadaye ikiziba njia ya mpira, ikate bila huruma.

Andika mwongozo wa matunzo. Weka alama za mipaka mipya na umwelekeze kila mkata nyasi, la sivyo kona zitaanza kuliwa tena.

Baada ya kazi hiyo, mwaka 2014 Pinehurst No. 2 uliandaa mashindano ya U.S. Open ya wanaume na ya wanawake kwa wiki mbili mfululizo. Lakini kama huna mchoro, picha wala dalili ardhini, usidai unarudisha uwanja wa zamani. Waambie wanachama ukweli: mnajenga mpya.