Mazoezi Salama kwa Wenye Ugonjwa wa Valvu za Moyo

Moyo una valvu 4, mithili ya milango, zinazozuia damu kurudi nyuma. Homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni, huweza kuziachia makovu na kuzifanya nyembamba. Mapigo ya moyo yakienda mbio, valvu iliyosinyaa hukosa muda wa kupitisha damu. Shinikizo hupanda mapafuni na mgonjwa huhema. Hivyo cha kuchunga zaidi ni kasi.

Mwenye tatizo hili azingatie yafuatayo:

1. Kabla ya kuanza, apimwe moyo na amwulize daktari kiwango kinachomfaa.
2. Atembee tambarare, akianza polepole kwa dakika 5 hadi 10, kisha kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza bila kukatika pumzi.
3. Asinyanyue mizigo mizito huku amebana pumzi.
4. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo yasiyo ya kawaida, aache mara moja na kuwahi kituo cha afya.
5. Asikatishe sindano za penisilini alizoandikiwa. Kujisikia mwenye nguvu hakumaanishi kwamba valvu imepona.