ZAFARANI NA MFANO WAKE WENYE SUMU

Wasomaji wetu wengi, hasa wa pwani, waijua zafarani itiwayo katika biriani, lakini walioliona ua lake ni wachache. Kwa kuwa ua hilo lina mfano wake wenye sumu, twaona yafaa kueleza jinsi linavyopandwa na kutambuliwa.

Zafarani ni moja katika maua yaitwayo krokasi. Jina lake la kitaalamu ni Crocus sativus. Hulimwa Uajemi, Kashmir na Hispania. Haizai mbegu, bali hupandwa kwa tunguu, yaani kiazi mfano wa kitunguu kidogo. Katika nchi hizo tunguu hufukiwa kabla ya baridi kuanza, kina cha inchi 4 hadi 6, katika udongo usiotuamisha maji. Maua ya zambarau hutoka Oktoba na Novemba. Huchumwa alfajiri, kisha nyuzi tatu nyekundu za katikati hutolewa na kukaushwa. Maua 150 hivi hutoa gramu moja tu. Ndiyo sababu ya bei yake kuwa kubwa.

Krokasi nyingine ni za pambo. Crocus vernus hutoa maua ya zambarau au meupe baridi inapokwisha. Crocus chrysanthus hutoa ya manjano.

Sasa tuangalie hatari. Liko ua jingine, kolchikamu, ambalo huchanua majira yale yale ya zafarani na kufanana nayo sana. Mtu alilaye huenda asione dalili mpaka saa kadhaa zipite. Kisha hutapika na kuhara, na aweza kufa. Ishara ya kuyapambanua ni hii: fungua ua, uhesabu vijiti vyenye vumbi la manjano. Krokasi zote zina vitatu. Kolchikamu ina sita. Tena majani ya krokasi ni membamba, yenye mstari mweupe katikati. Ya kolchikamu ni mapana, hayana mstari, nayo huota baada ya maua kupita.

Wala tusidhani sumu hiyo iko mbali. Ua la porini la Afrika Mashariki, jekundu lenye kingo za manjano, liitwalo Gloriosa superba, ni la ukoo wa kolchikamu, nalo lina sumu ile ile, hasa katika viazi vyake.

Basi walimu na wawafundishe watoto kuhesabu kabla ya kuchuma. Na mwenye shaka asile.